Posa ya Mshamu kwa Mwimbaji wa Lisboni

Posa ilirudishwa asubuhi, umande ungali haujakauka. Biasha, mke wa Mzee Kondo, ndiye aliyeirudisha. Alikibeba kikapu kama kilivyokuja, na ubani wake, na tambuu yake, na kanga mpya ambazo hata pindo zake hazikufunguliwa. Akavuka nacho uwanja mzima wa Mbwera huku watu wakimtazama, akakiweka kizingitini pa Mwanajuma, mama yake Mshamu, akageuka akarudi kwake. Kikapu cha posa kikirudi kimejaa, hakina haja ya msemaji.

Delinda aliiona safari ile akiwa anatwanga mpunga. Mchi ulimponyoka, ukaangukia ukingo wa kinu, punje zikamwagika mchangani na kuku wakazikimbilia. Hakuwafukuza. Alikwenda moja kwa moja barazani, alikokuwa mjomba wake akichonga mpini wa jembe.

"Mjomba, nimekiona kikapu kinarudi."

"Nimekirudisha mimi," alisema Kondo bila kuinua macho.

"Juzi hukuniambia Mshamu ni mtu wa kazi na mwenye adabu?"

"Ni mtu wa kazi. Na adabu anayo. Sikanushi."

"Basi ni dini? Nimekwisha kukwambia nitasilimu. Mwalimu Abdulkarimu mwenyewe ameanza kunifundisha."

"Dini haina neno."

"Ni kuimba kwangu?"

Kondo alitua kisu. Alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya chini, na tangu mpwa wake afike hakuwahi kumkatalia kitu. "Kuimba ndiko kulikokuleta mpaka mlangoni pangu, mwanangu. Nitakuchukia kwa hilo? Sikiliza. Meli ya yule nahodha Mreno iko Salale, inapakia boriti. Leo maji yakijaa inaondoka, na haijulikani kama itarudi. Askari wa Wadachi, hao Wajerumani, wamefika njia ya Mohoro, wanachoma nyumba na maghala. Nenda nayo. Mungu akileta amani utarudi kututazama."

"Sikukuuliza habari za meli, mjomba."

"Najua hukuniuliza."

Hapa ni lazima tusimame kidogo tueleze Delinda alikuwa nani, maana hapo Mbwera wapo waliomwita Mreno, na wapo waliomwita mtoto wa Tabu, na wote walikuwa wamesema kweli.

Alizaliwa kisiwani Ibo, katika pwani ya Wareno kule kusini. Baba yake alikuwa karani wa forodha. Mama yake, Tabu, alikuwa mwanamke wa nyumbani mwa karani yule, Mndengereko aliyefikishwa Ibo angali mtoto. Delinda alikua akisema Kireno mezani na Kiswahili cha Rufiji jikoni. Alipokuwa msichana mdogo, baba akaitwa kwao. Akamchukua mtoto, mama akaachwa pwani amesimama, na tangu siku ile hawakuonana tena duniani.

Lisboni, mji mkuu wa Wareno, alilelewa na shangazi aliyekuwa dobi. Delinda naye alifua mashuka ya watu, na katika kufua akaimba, na mwenye kilabu cha jirani akamsikia. Ndiyo ikawa njia yake. Usiku wa kwanza alisimama na shela nyeusi mabegani, wapiga gitaa wawili nyuma yake, akafumba macho kwa hofu; alipoyafumbua aliwakuta walevi wamenyamaza, vijiko vimesimama vinywani. Nyimbo zile Wareno huziita fado. Mtu mmoja husimama akasema yaliyompata, basi. Kutoka kilabu akapanda kwenye kumbi, kutoka kumbi akapanda kwenye jumba la tamthilia, picha yake ikabandikwa kutani. Akaimba Porto. Akavuka bahari akaimba Brazili. Mwana wa tajiri mmoja akamchumbia kwa sharti aache kuimba, naye kwa mapenzi akaacha. Akanyauka kama mche uliohamishwa jua kali. Siku aliporudi jukwaani, uchumba ukafia hapo.

Hatimaye akapata mkataba wa kuimba Lorenso Markesi, mji wa Wareno kusini kabisa mwa pwani ile, na alipoumaliza akapanda chombo kwenda Ibo kumtafuta mama yake. Alikuta kaburi. Jirani mmoja kizee alimwambia, "Mama yako hakuchoka kulitaja jina la kwao. Mbwera, Mbwera, mpaka pumzi ya mwisho." Basi akaja Mbwera, masika yakiwa yamepamba moto, amelowa, ana sanduku moja na gitaa lililovunjika shingo.

Gitaa lile ndilo lililomfikisha kwa Mshamu, fundi wa mitumbwi, mwanamume aliyefiwa na mkewe na asiyekuwa na maneno mengi. Aliiunga shingo kwa kipande cha mti wa mkomafi. Ilipokauka alimpa Delinda, akaketi juu ya gogo kumsikiliza. Wimbo ulipokwisha akauliza, "Mbona unalia ilhali machozi hayatoki?"

"Silii. Nasema."

"Basi sema tena," alisema Mshamu.

Akasema tena siku ile, na siku nyingine, mpaka ikawa mitumbwi ya watu inachelewa na hakuna asiyejua sababu. Watu walitazamia Mwanajuma ndiye atakayeweka pingamizi, maana alikuwa mwanamke wa maneno makali. Lakini Mwanajuma alimtazama yule mgeni akitwanga vibaya, akacheka, akasema, "Huyu ataniua kwa chuya, lakini mwanangu ameanza kula tena. Kapelekeni posa." Pingamizi likatoka kule kusikotazamiwa.

"Mjomba," alisema Delinda pale barazani, "mimi si mtoto. Nimekaa nchi za watu, nimekataliwa na waume na wenye kumbi, na kila aliyenikataa alinipa sababu, hata ya uongo. Wewe damu yangu unanikatalia kwa kimya?"

Kondo aliuweka mpini kando. Kisha akasema, "Uliambiwaje na mama yako juu ya kufika kwake Ibo?"

"Alisema aliuzwa, mwaka wa njaa. Nani alimuuza hakusema. Nilikuwa mdogo."

"Sisi huku tuliambiwa ameliwa na mamba." Mzee alisema polepole, kama mtu anayevuka daraja la gogo. "Jirani yetu mmoja alikwenda naye kuchimba mizizi. Akarudi peke yake analia, akasema mamba amemchukua ukingoni. Tukaweka matanga bila maiti. Na wewe hujui watu wa mto, mwanangu. Hapa mamba hali mtu bure, hutumwa. Wakauliza ametumwa na nani. Wakasema na mama mtu mwenyewe. Mama yangu, Mwanabibi, bibi yako, akaitwa mchawi aliyemla mwanawe. Walimvunjia nyumba. Alihamia kule kwenye tope, hakuna aliyemsalimu, na kisima alichota watu wakishaondoka. Alikufa hivyo. Maiti yake tuliizika mimi na Biasha na mwalimu, watatu tu."

"Na Tabu alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Miaka mingi baadaye baharia alikuja na salamu zake kutoka Ibo, na jina la jirani yule aliyemtia chomboni kwa magunia ya mtama. Bwanaheri. Nilisimama nikasema. Wakaniambia mtoto wa mchawi anajitakasa. Hata ulipofika wewe, walisema ni mamba wa mama yangu aliyemvusha Tabu mpaka Ibo." Kondo aliushika ule mpini akaugeuzageuza. "Bwanaheri ni babu yake Mshamu."

Delinda aliketi ukingoni mwa baraza. "Na Mshamu anajua?"

"Kamwulize. Mimi sina deni na kijana yule. Lakini siwezi kula wali wa arusi katika nyumba ile wakati mama yangu angali mchawi midomoni mwa watu. Lingesemwa mbele za watu, na mtu wa nyumba ile, hapo ningekaa na watu. Halikusemwa. Halitasemwa."

Delinda alikwenda kufunga sanduku lake, aondoke na meli. Jirani alipotoa mtumbwi wa kumpeleka Salale pamoja na mjomba wake na Biasha, yeye alikataa kupanda. "Chukueni sanduku," alisema. "Mimi atanivusha Mshamu. Nina neno naye."

Kondo alimtazama, akaitikia kwa kichwa.

Mfereji wa kwenda Salale ulikuwa umetulia siku ile, mikoko kushoto na kulia, na juu ya maji yalielea majivu mepesi yaliyoletwa na upepo wa bara. Mahali palipokuwa na vibanda vya wakata boriti palikuwa patupu. Wengine walikuwa wamekimbia, wengine walikwisha kunywa maji ya dawa ya kuzuia risasi wakaenda vitani upande wa Kibiti. Mshamu alipiga kafi nyuma. Delinda alikaa mbele, lakini alikuwa amegeuka kumkabili.

"Ulijua?" alimwuliza.

Mshamu hakujifanya hakuelewa. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoleta gitaa. Ulisema mama yako ni Tabu wa Mbwera. Nikashika ile shingo iliyovunjika, nikawa sijui nianzie wapi."

"Nani alikwambia?"

"Baba, siku za kufa kwake. Alisema, Tabu hakuliwa na mamba, mzee wangu alimpeleka chomboni, akarudi na mtama. Akasema, na mtama ule nami niliula. Kisha akaniapisha nisimtie mama yangu aibuni."

"Habari za bibi yangu alikwambia?"

"Hakuthubutu. Hizo nilizijua kama wajuavyo wote. Nilipokuwa mtoto tulikatazwa kupita kwenye kichuguu ilipokuwa nyumba yake."

Kafi iliingia majini na kutoka. Delinda alipoanza tena, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Mshamu kuliko kelele.

"Miezi yote hii nimekaa kwenye gogo lako nikikuimbia habari za mama yangu. Ukanitazama machoni. Ukaniambia sema tena. Na mwenye habari ulikuwa wewe."

"Ningekwambia nini, Delinda? Karibu Mbwera, mimi ndiye mjukuu wa aliyemuuza mama yako?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Ungeondoka."

"Labda. Lakini ningeondoka nikijua namwacha nani. Babu yako mimi simjui, kafa, Mungu atamhukumu. Wewe nilidhani nakujua."

Mshamu aliacha kupiga kafi. Mtumbwi ukaenda wenyewe kidogo, ukasimama. Alikuwa na uso mwembamba, mfupa wa shavu umetokeza, na macho ambayo Delinda alikuwa ameyazoea kuliko alivyopenda kukiri. Hata sasa, katika hasira yake, alitamani kunyoosha mkono amfute jasho kwenye paji. Akaikunja mikono mapajani.

"Niambie unataka nifanye nini," alisema Mshamu.

"Mimi? Sitaki kitu. Mjomba wangu anataka lisemwe mbele za watu, na mtu wa nyumba yenu."

"Mama yangu angali hai, Delinda. Wakwe zake wote wamekufa. Aibu itamwangukia yeye peke yake."

"Bibi yangu naye alikuwa hai."

Mshamu akachukua kafi. Akaipiga mpaka moshi wa meli ukaonekana juu ya mikoko.

Gati la Salale lilikuwa limejaa watu kama siku ya mnada. Habari za vita zilikuwa zikifika huko mapema, na tena nahodha alikuwa amekubali kuchukua wanawake na watoto mpaka kisiwa cha Chole, kabla ya kuendelea kusini. Nusu ya Mbwera ilikuwa pale na mafurushi yao. Mwanajuma alikuwepo, amekuja kumsindikiza binti yake na wajukuu. Alipomwona Delinda akishuka kwenye mtumbwi wa Mshamu, aligeuza uso, maana kikapu cha asubuhi kilikuwa kingali kinamchoma.

Nahodha Teles, mtu mnene mwenye ndevu za rangi ya shaba, alimpokea kwa furaha, akamwambia kwa Kireno, "Senyora, nilikuwa nakuombea uje. Lorenso Markesi nimekutana na mtu wa lile jumba lako la Lisboni. Anauliza uko wapi. Anasema nafasi yako haijapata mtu."

Miezi michache nyuma maneno hayo yangemtoa machozi ya furaha. Sasa alisema tu, "Ahsante," akaanza kupanda ubao wa kuingilia melini. Sanduku lake lilikwisha kupakiwa. Kondo na Biasha walikuwa wamesimama karibu na rundo la boriti, Biasha akijifuta macho kwa pindo la kanga. Delinda alikuwa katikati ya ubao alipoisikia sauti ya Mshamu. Alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi wake, miguu ameitanua asianguke.

"Watu wa Mbwera! Nisikilizeni."

Wachache waligeuka. Mtu aliyekuwa hasemi hata sokoni, leo kulikoni?

"Mnanijua. Mimi Mshamu, mjukuu wa Bwanaheri. Mmekuwa mkisema Tabu binti Mwanabibi alichukuliwa na mamba. Wazee mmesema, na sisi tumekua tukiyasikia hayo. Si kweli. Babu yangu alimuuza chomboni mwaka wa njaa, akapewa mtama, akaja akawaambia mamba. Hapakuwa na mamba. Hapakuwa na uchawi. Mwanabibi hakumla mtu. Alifiwa na mtoto, kisha mkamvunjia nyumba, na nyumba yetu ilijua ikanyamaza. Mimi pia nilijua. Nami nilinyamaza."

Kizee mmoja alisema, "La haula," akaketi juu ya furushi lake. Hata watoto waliacha kulia.

"Mshamu!" Sauti ya Mwanajuma ilipanda ikakatika. "Mwanangu, umenivua nguo mbele ya watu!"

"Nisamehe, mama."

Kondo aliuachia mkono wa mkewe, akashuka taratibu mpaka maji yakamfika magotini. Akasimama mbele ya mtumbwi.

"Mtaje tena," alisema.

"Mwanabibi."

"Alikuwa mchawi?"

"Hakuwa."

"Sema wasikie na wa kule nyuma."

"Hakuwa mchawi!"

Mzee alivua kofia yake akaufunika uso wake nayo, mabega yakamtikisika, na watu wa Mbwera wakasimama wakimtazama akimlilia mama yake, ambaye wengi wao waliwahi kukataa kumzika. Kisha mwanamume mmoja wa makamo akaingia majini, akamshika mkono, akasema, "Pole, Kondo." Akaja mwingine. Na mwingine. Rambirambi zilizochelewa miaka na miaka zilitolewa pale, watu wamesimama majini.

"Anasema nini yule?" aliuliza Teles.

"Anasema habari za mama yangu," alijibu Delinda kwa Kireno. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta. "Nishushie sanduku, nahodha. Nafasi yangu wapewe wale wenye watoto."

"Senyora! Kuna vita huku. Na yule mtu wa Lisboni nimwambie nini?"

"Mwambie ningali naimba."

"Unaimba wapi?"

"Mwambie hivyo tu."

Aliposhuka alikwenda kwanza kwa Mwanajuma. Mama yule alikuwa amekaa kwenye boriti amewapa watu mgongo, kanga ameivuta mpaka usoni. Delinda akachuchumaa kando yake.

"Umefurahi sasa?" aliuliza Mwanajuma bila kumtazama.

"Sikufurahi, mama. Nimepumua."

"Mimi nimeolewa nyumba ile, sikuzaliwa humo. Sikumuuza mtu."

"Najua."

"Kesho nitapita vipi kisimani?"

"Utapita nami. Nitakubebea mtungi."

Mwanajuma alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. "Wewe? Utauvunja." Lakini hakumfukuza.

Meli ilipiga honi. Kamba zikafunguliwa, mikono ikapungwa, na maji machafu yakapiga kingo mpaka mitumbwi ikagongana. Kondo alikuwa amepanda ukingoni, nguo zimemganda, macho mekundu. Mshamu alisimama mbele yake kwa heshima, mikono nyuma.

"Baba, sijui la kusema."

"Umekwisha kulisema." Kondo alivaa kofia yake. "Posa ya asubuhi nimeirudisha, na neno langu si la mtoto. Imerudi. Lakini sikusema mtu akileta nyingine sitaifungua." Akamtazama mpwa wake aliyekuwa akija. "Ila sasa ni juu ya mwenyewe. Mimi nimechoka, nataka kukaa."

Wakabaki wawili, ijapokuwa watu wote walikuwa wakiwatazama.

"Sijasema nimekusamehe," alianza Delinda.

"Sikukuomba hilo. Hilo litakuja siku yake, au lisije."

"Na sitaacha kuimba. Niliwahi kuacha kwa ajili ya mwanamume, nikafa nikiwa hai."

"Nami nilikuambiaje, tangu siku ya kwanza? Nilikuambia sema tena."

Delinda alimtazama. Alikuwa amelowa, amekonda, na ameharibikiwa na jina la nyumba yao kwa siku moja, naye hakuwa akijitetea. Huko bara moshi mpya ulikuwa umeanza kupanda upande wa Mohoro, mweusi, mnene. Wote wawili waliuona.

"Basi niulize ulilotaka kuniuliza," alisema. "Niulize wewe mwenyewe, si kwa kikapu."

Mshamu akauliza mbele ya Kondo na mbele ya mama yake aliyewapa mgongo. Delinda hakumjibu kwa kunong'ona kama afanyavyo mwali. Alimjibu kwa ile sauti aliyofundishwa na kumbi za Lisboni, sauti inayofika kwa aliyekaa mwisho kabisa.

"Nimekubali. Lakini arusi ni vita ikiisha, na wewe uwe hai."